Dimbwi Na. KLA/7/B

Risasi iliyotoboa sufuria ya Phelister haikukusudiwa Phelister, wala sufuria, wala maharagwe yaliyokuwa yakitokota ndani yake. Ilikusudiwa bata. Bata akaruka, risasi ikapita bati la jiko, ikaingia sufuria upande huu na kutokea upande ule, na mchuzi ukaanza kumwagikia moto. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, na mume wake, Oloo, alikuwa ameketi mlangoni akisoma gazeti la juzi. Phelister alipotoka jikoni na sufuria mkononi, gazeti lilikuwepo. Msomaji hakuwepo.

"Baba Aoko!"

"Niko hapa," sauti ikajibu kutoka chini ya kitanda.

"Unatafuta nini huko?"

"Kiatu."

"Viatu umevaa."

Kwamba ni mwoga Oloo hakukana, siku ile wala baadaye. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba alikuwa shujaa wa vita vyote vilivyopiganwa mbali naye. Wakenya wenzake wengi walifungasha mwaka uliotangulia, redio ya serikali ilipoanza kudai vipande vya Kenya. Wao walimpeleka binti yao, Aoko, kwa bibi yake Ugenya, kisha wakabaki Kampala, na huko kwao jamaa wakamsifu Oloo kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba alihofu vizuizi vya barabarani kuliko alivyohofu kukaa.

Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa chini ya mlima wa Kasubi, ukingoni mwa shimo walilolichimba wafyatua matofali. Saruji ilipoadimika na watu wakaacha kujenga, wafyatuaji waliondoka, shimo likajaa maji, mafunjo yakaota, vyura wakaja, na nyuma ya vyura wakaja wanaokula vyura. Palikuwa na bata maji, yangeyange, mdiria wa buluu, kulastara mmoja mwenye sura ya karani aliyecheleweshewa mshahara, na kenge ambaye Phelister alimwita Mwenye Nyumba kwa sababu aliingia bila hodi. Mji mzima ulikuwa umesahau dimbwi lile isipokuwa ndege, na askari waliokuja Jumapili na bunduki na chupa ya waragi kuwawinda. Oloo naye hakuwa mpenzi wa ndege. Aliwatega. Nyama ilikuwa shida, na mara moja kwa juma mtego wake wa uzi wa katani ulimpa bata, akamla kwa shukrani.

"Leo ni sufuria," Phelister alisema, akichungulia mwanga kupitia yale matundu mawili. "Jumapili ijayo ni kichwa changu. Utafanya nini?"

"Nitafikiri jambo, nyar Gem," alisema Oloo; binti wa Gem, alivyomwita alipotaka huruma.

"Basi toka huko ulifikiri ukiwa umesimama."

*

Oloo alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Wandegeya. Mwenye kiwanda wa kwanza, Mhindi, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake mwaka wa sabini na mbili. Wa pili, meja mmoja, alifika mara moja kwa mwezi kuuliza kwa nini mashine haichapi noti. Miaka kumi na mitatu Oloo alikuwa akipanga herufi moja moja, kinyumenyume, za fomu za serikali, kadi za harusi na matangazo ya dansi, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja tu la maana. Watu hawaogopi maneno. Wanaogopa unene wa herufi, tena wanaogopa nambari. Tangazo lisilo na nambari ni ombi, lakini lenye nambari, hasa nambari iliyokatwakatwa kwa vistari, hilo ni amri, na hakuna atakayethubutu kuuliza ni ya nani.

Jumanne, wengine walipokwenda kula, alichukua herufi nene kuliko zote na kupanga:

KWA AMRI
Na. KLA/7/B
DIMBWI HILI NA NDEGE WAKE NI MALI YA SERIKALI.
NI MARUFUKU KUWAPIGA RISASI, KUWATEGA AU KUWASUMBUA.

Sahihi hakuweka, kwa kuwa mtu akiona jina humtafuta mwenyewe. Juu kabisa akaweka bloku ya korongo mwenye taji, ile ya vyeti vya shule, kisha akageuka kuangalia mlango. Kughushi nembo ya taifa hakukuwa na faini mwaka ule wa sabini na saba. Mtu alitiwa katika buti la gari, basi, na mkewe akaachwa akizunguka na picha yake ofisi hadi ofisi.

Mugisho, fundi wa mashine, Mkongomani wa Bukavu, alisoma tangazo akacheka kwa pua. "Na samaki je? Hao umewaacha kwa nani?"

"Samaki wajitetee."

Karatasi safi haikuwepo. Wakachapa nyuma ya tangazo la dansi lililoharibika, Mugisho akikanyaga mashine, Oloo akilinda mlango kwa ushujaa wake wa kawaida, yaani nusu mwili ulikuwa tayari nje. Kisha akafunga herufi zile kwa uzi na kuzisukuma nyuma ya rafu zilivyo. Alipaswa kuzirudisha kashani moja moja, lakini njaa ilikuwa inauma.

*

Jumapili askari walikuja watatu. Oloo alikuwa amelibandika tangazo kwenye kibao na kukigongomea ukingoni mwa maji, na sasa alikaa mlangoni akijifanya anasoma, huku amehesabu hatua hadi kitandani. Zilikuwa sita. Askari mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kwa kidole. Waliposikia nambari, bunduki zikashuka.

"Wewe mzee! Hii ndege iko ya serikali toka lini?"

"Toka Jumanne, afande."

"Nani naleta hii kibao?"

"Walikuja na gari," Oloo alisema.

"Gari gani?"

Aina ya gari Oloo hakuwa ameifikiria. Alitazama vidole vya miguu yake tu. Askari walitazamana. Kulikuwa na magari Kampala ambayo mtu hayataji, na ukimya ule wa mzee waliuelewa walivyotaka. Waliondoka kwa haraka ya heshima, na yule wa mwisho, akiwa na waragi kichwani, akampigia kulastara saluti.

Phelister alicheka hadi akashika ukuta. Jioni ile alimpikia mumewe kama mgeni, katika sufuria iliyozibwa matundu kwa vipande vya bati.

Ndege nao ni kama walipelekeana habari. Ndani ya wiki tatu dimbwi lilijaa hadi mafunjo yakainama. Siku moja walitua korongo wawili wenye taji, wa kweli, wale wale wa kwenye bendera, wakatembea mbele ya kibao wakikiangalia kana kwamba wametumwa kukikagua. Majirani walipowaona hawakuwa na shaka tena. Akina mama wakaacha kufulia pale, na watu wakawa wakipita njia ile kwa sauti ya chini. Hata Oloo mwenyewe hakuweza kutega. Bata wanene walipita hatua tano kutoka mlangoni kwake, naye akala mchicha wa dodo na ugali, dodo na ugali, akiwatazama.

"Umejichapia njaa kwa mkono wako," Phelister alimwambia.

Kisha jambo la pili likaanza. Nnaalongo mwenye duka, ambaye kwa miezi mitatu alisema sukari hakuna, alimwita Oloo kwa kidole. "Ssebo, kuja. Sukali yako iko hapa chini. Usisimame kwa laini na watu." Oloo akarudi nyumbani na nusu kilo, kifua mbele. Walikunywa chai tamu siku mbili. Siku ya tatu Phelister alirudi kutoka bombani na ndoo imejaa na macho yamejaa.

"Wamenyamaza," alisema. "Nimefika tu, wote wamenyamaza. Wamenipisha nichote kwanza. Na Akullo, anayenisuka kila Jumamosi, anasema mkono unamuuma. Mkono wenyewe umebeba debe la maji!"

"Kwa nini?"

"Wanasema wewe ni mtu wa miwani myeusi, mtu wa usalama. Wanasema ndiyo maana Mkenya amebaki. Wanasema dimbwi ni la kutupia watu."

"Mimi?" Oloo aliona fahari kidogo, ikampita haraka, na nyuma yake ikaja aibu. "Sina hata miwani ya kusomea."

"Ng'oa kile kibao."

"Nikikiona mimi ni karatasi, nyar Gem, lakini kwa wote wengine ni amri ya serikali. Atakayeking'oa atakuwa ameiasi serikali. Nani aking'oe?"

Kibao kilikuwa kimekuwa cha serikali kweli, na aliyekitunga hakuwa na ruhusa ya kukigusa.

*

Ijumaa iliyofuata alifika polisi, sajini mmoja mrefu, Mwacholi, viatu vinang'aa, daftari kwapani. Jina lake Okot. Oloo alimwona tangu mbali, akajua kwamba siku yake imefika. Alitaka kwenda chini ya kitanda, lakini sajini alikuwa amekwisha kumwona.

"Wewe ndiyo naangalia hii dimbwi?"

"Mimi nakaa hapa tu, afande."

"Nakaa hapa, basi naangalia. Jina?" Akaandika. "Bosi yangu nataka kujua hii nambari iko ya ofisi gani. Yeye naogopa kuuliza juu, ndiyo natuma mimi niulize chini."

"Chini hapa ndipo mwisho, afande. Hatujui kitu."

"Sawa. Basi hesabu ndege. Kila Ijumaa mimi nakuja kuchukua hesabu. Mali ya serikali lazima iwe na hesabu."

Wakasimama ukingoni, mtu mzima na mtu mzima, wakihesabu bata. Mara ya kwanza walipata thelathini na mmoja. Bata wakazama, wakaibukia kwingine, na mara ya pili wakapata hamsini na wawili. Kulastara alihesabiwa mara tatu. Kenge akatokea, na ikabidi sajini aulize kama naye ni ndege.

"Andika arobaini," Oloo alisema mwishowe, jasho likimtoka.

"Arobaini," Okot akaandika, akafunga daftari. Ndipo akageukia kibao.

Mvua ya usiku ilikuwa imebandua pembe ya karatasi. Pembe ilikuwa inapepea, na upande wa nyuma ulionekana wazi, herufi nyekundu alizozipanga Oloo mwenyewe: DANSI! DANSI! WANAWAKE BURE. Okot aliinama akasoma. Alisoma taratibu, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Phelister alikuwa mlangoni, ameweka kiganja mdomoni. Oloo alijaribu kukumbuka sala yoyote, ikamjia ile ya chakula.

Sajini akarudisha pembe mahali pake, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Gundi yako mbaya, mzee," alisema. "Pika ya muhogo." Akaondoka.

Usiku ule hawakulala, wala uliofuata. Walingoja gari. Phelister alifunga nguo mbili na picha ya Aoko katika kanga. Oloo alipika gundi ya muhogo, akaenda kuibandika, kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya.

Gari halikuja. Ijumaa alikuja Okot, kwa miguu. Akaandika arobaini, akaketi juu ya tofali akavua kofia. Phelister akampa chai kwa mikono miwili, yenye sukari ya Nnaalongo. Ijumaa nyingine akakaa zaidi. Hakuwa akihesabu kitu. Aliangalia wale korongo wakirukaruka na kuinamiana, akasema kwao, karibu na mto Aswa, vijana huwaigiza wakicheza. Oloo alimwogopa, na alimwogopa zaidi kwa ule upole. Mtu anayejua siri yako na hasemi, alifikiri, anakunenepesha.

Wakati huo habari zilikuwa zinapita mjini kwa minong'ono. Watu wa kaskazini, Waacholi na Walango, walikuwa wakiitwa kambini na vituoni kwa majina, mmoja mmoja, na hawarudi. Mume wa Akullo alikwenda kazini Jumatano na baiskeli yake. Baiskeli ilionekana.

*

Okot alikuja siku ya Jumanne, adhuhuri, Oloo akiwa nyumbani na homa ya uongo aliyoisingizia kazini. Hakuwa na sare. Alivaa shati la kuazima lililomfika juu ya kifundo cha mkono, na viatu havikuwa vimepigwa rangi. Hakusema "wewe". Hakutumia kabisa kile Kiswahili cha kambini. Alisema kwa Kiacholi, pole pole, ili Mjaluo kama Oloo amwelewe, lugha zao zikiwa ndugu, na Oloo akamwelewa kila neno.

"Omera," alisema, ndugu yangu. "Tulikuwa saba kituoni kwetu. Tumebaki wawili. Jana usiku walikwenda kwangu. Nilikuwa zamu. Mke wangu, Akwero, nilikwisha kumpeleka kwao na watoto. Nataka kwenda Kenya."

"Nikusaidie nini, afande?"

"Nichapie lile tangazo. La mtu."

Oloo alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimtoka chenyewe kwa woga. "Afande, ile ni karatasi tu. Uliiona nyuma. Ni dansi!"

"Niliona. Na niliona askari wenye bunduki wakirudi nyuma." Okot alitoa mfukoni kitambulisho chake cha polisi, akakiweka juu ya meza. "Karatasi hii ni ya kweli. Miaka kumi na minne, sahihi ya kweli, muhuri wa kweli. Ndiyo inayoonyesha jina langu na kwetu. Nikiitoa kizuizini nimekufa. Ya kweli imeshindwa, omera. Nipe ya uongo."

Oloo alisema mengi. Alisema meja huja kiwandani, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwezi. Alisema ana binti. Alisema karatasi ikikamatwa, herufi zitamtaja, kwa maana kila kiwanda kina herufi zake, na E yao kubwa imepasuka mguu. Alisema yeye ni mwoga, tangu utotoni, muulize mtu yeyote. Kila alilosema lilikuwa kweli, na Okot aliitikia kwa kichwa bila kubisha.

Phelister alikuwa jikoni. Alitoka na ile sufuria, akaigonga mezani, viraka viwili vikielekea kwa mumewe.

"Baba Aoko. Lile la kwanza ulilichapa kwa ajili ya hii," alisema. "Hukuuliza mtu. Leo ni mtu, na unatoa hotuba?"

Oloo akachukua koti lake.

Kiwandani wote walikuwa wamekwenda kula, isipokuwa Mugisho. Herufi zilikuwa pale pale nyuma ya rafu, zimefungwa kwa uzi, zina vumbi. Uvivu wake wa miezi miwili ndio uliomwokolea saa nzima. Akatoa DIMBWI HILI NA NDEGE WAKE, akaingiza MTU HUYU. Akatoa WA tatu, akaingiza M tatu. Akabadilisha B kuwa C. Akasoma kinyumenyume, kama alivyosoma kila kitu maishani:

KWA AMRI
Na. KLA/7/C
MTU HUYU NI MALI YA SERIKALI.
NI MARUFUKU KUMPIGA RISASI, KUMTEGA AU KUMSUMBUA.

Macho yalimjaa maji pale pale juu ya chuma. Alikuwa amepanga maneno yale kwa ajili ya bata, na hakuona hata neno moja lililozidi.

Mugisho alisoma, na safari hii hakucheka. Akakanyaga mara moja tu. Okot aliikunja karatasi ikiwa bado mbichi, akaiweka kifuani, akamshika Oloo mkono kwa mikono miwili. "Kila Ijumaa," alisema, "utahesabu wewe." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Ijumaa ya kwanza Oloo alihesabu peke yake. Ijumaa ya pili pia. Kila gari lililopita barabarani alilitazama hadi likapotea. Phelister alikuwa amemwendea Akullo na nusu ya sukari, wakalia pamoja mlangoni kwake siku nzima, na jioni Akullo akamwambia, "Leta kichwa," akamsuka. Hawakusemezana juu ya miwani myeusi. Mke wa mtu wa usalama hamlilii mtu hivyo, Akullo aliliona mwenyewe.

Ijumaa ya tatu alifika polisi mwingine, konstebo mnene wa makamo, Otema, na daftari lile lile. Alisimama mbele ya kibao muda mrefu, akilinganisha nambari na kitu alichoandika kiganjani.

"Mzee Oloo. Sajini Okot hayuko. Yeye napotea."

"Pole," Oloo alisema.

"Huko Malaba kuna maneno. Mtu mrefu nafika kizuizini, natoa karatasi. Askari nasoma, nasoma tena. Napiga simu Kampala kuuliza KLA/7 ni ya nani. Kampala hakuna mtu nakubali kusema hajui. Basi askari napiga saluti. Napeleka yeye na Land Rover yao, mpaka mpakani kabisa. Navuka."

Oloo alitafuta kitanda kwa macho. Kilikuwa mbali, hatua sita nzima. Phelister alikuwa amesimama nyuma yake, na Oloo alisikia mkono wa mkewe ukimshika shati mgongoni, ukilikunja ngumi. Hakujua kama anamzuia asikimbie au anafurahi.

"Bosi nataka nitafute nani nachapa," Otema aliendelea. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa na bata tu, na kulastara. Akavua kofia, akainamisha kichwa, na sauti ikashuka hadi ikawa ya mtu mwingine. "Mimi mama yangu ni mtu wa Lango, mzee, wa kaskazini. Mke wangu pia anatoka huko. Okot alikuwa na C. Mimi nauliza tu. Kama ni makosa, unisamehe." Akameza mate. "D iko?"

Mwoga wa Ugenya alifungua mdomo kusema hajui lolote. Ngumi iliyokuwa mgongoni mwake ikamsukuma kidogo.

"Iko," Oloo alisema. "Mko wangapi?"

"Sita, pamoja na watoto."

"Jumatatu, saa saba mchana. Mlango wa nyuma. Uje bila viatu vya kazi."

Konstebo aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akishindwa kuivaa kofia yake vizuri. Kisha akakumbuka kazi iliyomleta, akafungua daftari, akatoa kalamu.

"Na ndege? Niandike ngapi?"

Oloo aliangalia dimbwi. Jioni ilikuwa inaingia, na walikuwa wakitua bado, kutoka Lubaga, kutoka ziwani, kutoka popote walipofukuzwa.

"Andika arobaini," alisema. "Wote wapo."